Kushoto Msimamizi, Kulia Fundi

MAELEZO YA SHAHIDI

Yamechukuliwa: Kituo cha polisi, chumba namba 4, tarehe 14, saa 8:20 mchana
Shahidi: Jina lipo ndani ya jalada, kazini na mtaani huitwa Mzee Nukta
Umri: Miaka 64
Kazi: Mwandishi wa habari mstaafu, kwa sasa mwandika maelezo ya picha katika hifadhi ya picha za zamani mtandaoni
Makazi: Mtaa wa nyuma ya soko la mitumba, nyumba ya ghorofa moja, chumba cha juu

Afisa ameniambia kwamba nikisema uongo ninaweza kushtakiwa. Nimeelewa. Sijalazimishwa na mtu kuja hapa.

Nilifanya kazi gazetini miaka thelathini na moja. Gazeti lilipofungwa, negativu zake zote, yaani filamu za picha, zilipelekwa kwenye hifadhi, na tangu mwaka jana nimeajiriwa huko kwa mkataba. Ofisi yetu ni chumba kimoja chenye meza mbili, mashine ya kuskani, na meza ndogo ya kioo yenye taa chini yake. Ninatoa negativu kwenye bahasha, ninaiskani, ninaandika ni nani, ni wapi na ni lini, halafu ninaipandisha kwenye tovuti. Chini ya kila picha kuna kisanduku kinachouliza, "Unamtambua mtu huyu?" Msomaji akiandika jina, linanifikia mimi. Nikilikubali, linakaa chini ya picha na kila mtu analiona.

Mnamo tarehe 2 mwezi huu, saa 5 asubuhi, nilifungua bahasha namba 618. Juu yake mpiga picha, ambaye ni marehemu, alikuwa ameandika: "Geti la kiwanda cha nguo, siku moja baada ya moto. Kushoto, msimamizi wa zamu aliyefunga geti. Kulia, fundi wa mitambo aliyekata kufuli." Majina hayakuwepo.

Moto huo ulitokea miaka arobaini na sita iliyopita. Wanawake kumi na mmoja walikufa mchana kweupe kwa sababu geti la chumba cha kufungashia lilikuwa limefungwa kwa kufuli kutoka nje, wasitoke kabla ya kengele. Msimamizi hakushtakiwa. Alihama mji wiki hiyohiyo na jina lake halikuwahi kuchapwa.

Negativu ilikuwa moja, imekatwa kingo kwa mkasi. Kwa kawaida kwenye kingo kuna namba, na ukizisoma unajua filamu umeilaza upande sahihi. Mpiga picha huyu alikuwa na mazoea ya kuzikata ili filamu iingie kwenye bahasha ndogo. Ndani ya picha hakukuwa na bango wala maandishi yoyote. Kulikuwa na geti lililoungua na wanaume wawili waliovaa ovaroli. Mashine niliiendesha mwenyewe, na maneno ya bahasha nikayaweka chini ya picha kama yalivyo. Hakuna mtu mwingine wa kuulizwa.

Mnamo tarehe 9, saa 4:15 asubuhi, liliingia jibu kwenye kisanduku. Aliyeandika ni mshonaji wa nguo, mwanamke wa miaka hamsini hivi. Aliandika: "Huyo wa kushoto namjua. Ni Mzee Feni, fundi feni na redio, vibanda vyetu vinapakana. Mama yangu alifia mle ndani nikiwa na miaka minne."

Saa 4:40 nililikubali jina hilo. Nilipokuwa gazetini, jina lililoletwa na mtu mmoja halikuchapwa mpaka apatikane wa pili. Nimewafokea waandishi wengi kwa kosa hilo. Siku hiyo nilitazama picha, nikaona uso, nikaridhika ndani ya dakika ishirini na tano. Naomba afisa aandike pia kwamba nilifurahi. Jina lilikuwa limekosekana miaka yote hiyo, na mimi nimelipata nimekaa kwenye kiti.

Kufikia kesho yake picha ilikuwa kwenye simu za watu mtaa mzima.

Mnamo tarehe 11, Jumamosi, saa 3:10 asubuhi, nilikwenda kwenye kibanda cha Mzee Feni. Nilitaka kumhoji. Nilikuta watu kama ishirini, mshonaji akiwa mbele, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Mzee Feni ni mtu wa miaka sabini na kitu, mwembamba. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, feni iliyofunguliwa iko mapajani, bisibisi mkononi. Sikio lake moja halisikii, kwa hiyo alikuwa akigeuza kichwa huku na huku kutafuta nani anasema.

Muuza viatu alipaza sauti, "Mzee wa feni, leo upepo umekugeukia!" Watu wakacheka.

Mshonaji hakucheka. Alisema, "Miaka kumi na tisa nakuamkia. Kila siku ya Mungu, shikamoo mzee, shikamoo mzee. Unaitikia, unanitazama usoni, na unajua mimi ni mtoto wa nani!"

Mzee Feni alijibu, "Nilijua, mwanangu. Siku ile uliponihadithia."

"Usiniite mwanao!"

Nilipenya mpaka mbele, nikamwambia mimi natoka hifadhi ya picha, nikampa simu yangu. Alijifuta mikono kwenye suruali, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. Hakuwa na miwani. Maelezo ya chini hakuyasoma.

Nikamuuliza, "Huyu ni wewe?"

"Ni mimi. Loo, nilikuwa na nywele."

"Ulikuwepo getini siku ya moto?"

"Nilikuwepo." Alinirudishia simu, halafu akasema, "Nilichelewa."

Mtu mmoja nyuma alipiga kelele, "Ulichelewa kukimbia!" Na hapo ndipo walipoanza.

Swali lililokuwa linafuata ni "Ulichelewa kufanya nini?" Mwandishi wa wiki ya kwanza kazini angeliuliza. Mimi sikuliuliza. Nilikuwa nimeinamia daftari naandika jibu.

Walivunja rafu. Feni na redio zilitupwa barabarani. Mama mmoja alipita katikati ya vurugu akisema, "Jamani, pasi yangu hiyo, msiivunje, mimi simo," akaichukua na kuondoka. Kigoda kilirushwa kikampiga Mzee Feni kichwani, upande wa nyuma. Aliyekirusha sikumwona. Mshonaji hakumgusa, ila hakumzuia mtu pia. Saa 3:40 nilimwona Mzee Feni akitembea kuelekea kituo cha mafuta, damu imelowesha kola ya shati. Hakukimbia. Nilimtazama mpaka alipokata kona. Sikumfuata.

Tarehe 12 nilikwenda anakopanga. Mwenye nyumba, mama wa makamo, alikuwa akifagia uani. Aliniambia hakurudi kulala, na katika miaka yote aliyokaa pale haijawahi kutokea. Nilimuuliza jina kamili la mpangaji wake. Alisimamisha ufagio. "Sisi tunamwita Mzee Feni. Ana jina jingine?" Aliongeza kwamba mke wa mzee alishafariki, na watoto hawakujaliwa.

Neno "nilichelewa" lilinikaa kichwani. Aliyefunga geti hawezi kusema amechelewa. Angesema alitumwa, au angekana kabisa. Kwa hiyo mnamo tarehe 13, saa 2:30 asubuhi, nilichapisha picha kwa ukubwa wa karatasi mbili, nikaenda nayo kwa mshonaji.

Alikuwa anashona sare za shule. Hakunikaribisha. "Umekuja na picha tena? Sura hiyo nimeishiba."

Nilimuuliza kama aliwahi kusikia ni nani aliyefungua geti.

"Fundi mmoja," alisema bila kuinua macho. "Bibi yangu alikuwa haachi kumtaja. Alikwenda mbio kutafuta msumeno wa chuma, akarudi akakata kufuli, moshi unamtoka puani. Waliotoka wazima walitoka kwa mkono wake. Jina lake hatukulijua. Bibi alikuwa akimwombea dua hivyohivyo, yule fundi."

Nikatandaza picha juu ya meza ya kukatia, juu ya vitambaa. Aliitupia jicho, akarudi kwenye cherehani, halafu akasimamisha mguu.

"Nani kashona ovaroli hizi?"

"Kwa nini?"

"Vifungo viko upande wa kike. Na mfuko wa kifuani uko kulia. Mmoja, ningesema aliyeshona kalewa. Wote wawili?" Aliinua mkono akagusa kifua chake, kushoto, kisha kulia, kama mtu anayejipima. Mimi nikajitazama shati langu. Mfuko uko kushoto. Vifungo vyangu haviko kama vyao.

Dukani kwake kuna kioo kirefu cha wateja kujipimia. Nilimwomba tushike karatasi mbele yake, yeye pembe hizi, mimi pembe zile. Ndani ya kioo mifuko ilihamia kushoto na vifungo vikakaa sawa. Mzee Feni alikuwa amesimama upande wa kulia.

Akaniuliza, "Wa kulia ni nani?"

Nilimsomea ilivyoandikwa kwenye bahasha.

Hakulia. Alizima cherehani, akachomoa waya ukutani, akasema, "Kaka, tuondoke." Duka aliliacha wazi.

Saa 3:50 tulikuwa ofisini kwangu. Nilitoa negativu kwenye bahasha 618, nikaiweka juu ya kioo chenye taa. Filamu ina upande unaong'aa na upande usiong'aa, na picha ni sahihi ukiitazama kupitia ule unaong'aa. Tarehe 2 niliilaza kinyume. Kosa lenyewe ni hilo tu, kugeuza kipande cha filamu kisichozidi kidole gumba.

Nilimpigia simu mkuu wa hifadhi nikamwambia aitoe picha. Alisema, "Mzee Nukta, picha ikishapanda mimi siigusi. Jaza fomu ya marekebisho." Niliijaza mbele ya mshonaji. Majibu yalikuja papo hapo: ombi limepokelewa, litashughulikiwa ndani ya siku kumi na nne za kazi. Niliandika marekebisho kwenye kisanduku cha chini kama msomaji wa kawaida, nikayakubali mwenyewe. Hadi saa 6 mchana yalikuwa yamesomwa na watu wanne. Picha ilikuwa imetazamwa na elfu kumi na tisa.

Tangu hapo tunamtafuta. Jana tulikwenda hospitali mbili. Katika zote niliuliza kwa jina la Mzee Feni, wakapekua daftari, wakasema jina hilo halipo. Tulikwenda stendi, kituo cha mafuta, chini ya daraja, na kwenye jengo lisiloezekwa nyuma ya ghala. Mshonaji anasimamisha kila mtu na kumwonyesha picha, kwa sababu Mzee Feni hana picha nyingine ambayo mtu anaijua. Mlinzi mmoja wa ghala aliitazama akasema, "Si ndiye yule muuaji? Mkimpata, mniite." Mshonaji alimkunja shati na nikalazimika kuwaachanisha. Tangu hapo tumekunja karatasi katikati ili aonekane peke yake.

Leo saa 7:30 mchana tumefika hapa. Askari wa kaunta aliniuliza aliyepotea ni nani wangu. Nilimwambia si ndugu yangu, mimi ndiye niliyemwandika vibaya. Akasema, "Mzee, fomu inataka ndugu." Mshonaji akasema aandike yeye ni binti yake. Askari akamuuliza, "Baba yako anaitwa nani?" Akasema, "Mzee Feni." Askari akaweka kalamu chini. Tulikaa kwenye benchi mpaka afisa huyu alipotuita.

Ninaomba matangazo yatoke leo. Ametoka akivuja damu kichwani na leo ni siku ya nne. Ninaomba askari watakaomkuta wasimwite kwa nyuma. Hatasikia, na watadhani ni kiburi. Na ninaomba maelezo haya yapigwe mhuri, nipate nakala ya kubandika pale kilipokuwa kibanda chake, kwa sababu mimi nikisema kwa mdomo watu wananiambia nimehongwa.

Mtu aliyekata kufuli ndiye aliyepigwa. Mimi ndiye niliyesababisha. Nimesema niliyoyaona na niliyoyatenda, nimesomewa, na sina la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

MAELEZO YA AFISA

Maelezo haya nimeyaandika mimi, nikamsomea shahidi. Alisahihisha nyakati mbili na tarehe moja kabla ya kuweka sahihi.

Saa 10:35 jioni, shahidi akiwa bado kituoni, nilipiga simu kwenye hospitali zote mbili bila kutaja jina, nikaulizia mwanamume mzee mwenye jeraha kichwani. Hospitali ya pili ilijibu kwamba wanaye, aliokotwa tarehe 11 mchana nyuma ya kituo cha mafuta. Nimekwenda huko na shahidi pamoja na mshonaji.

Saa 11:50 jioni mshonaji amemtambua. Mgonjwa ana fahamu na amefungwa bendeji. Alipomwona mshonaji aligeukia ukuta. Mshonaji alipiga magoti kando ya kitanda akamweleza habari ya negativu, vifungo na kioo, yote, na shahidi akathibitisha. Mgonjwa alisikiliza mpaka mwisho.

Muuguzi alileta kadi ya kitanda, akamwomba mgonjwa ataje jina lake kamili ili liandikwe. Mgonjwa aliuliza litaandikwa wapi. Muuguzi akamwambia ni kwenye kadi tu. Mgonjwa akauliza nani ataisoma.

Kisha akasema aachwe hivyohivyo.

Kadi imebaki kama nilivyoikuta: Mwanamume, makadirio miaka 70, hajulikani.