Mtoto Halipwi

Jumatatu, 7 Aprili

Asubuhi kipindi cha uchenjuaji wa madini. Mchana kutafuta kazi. Kama juzi, kama wiki iliyopita. Duka la vifaa vya umeme: hawana nafasi. Duka la dawa: nafasi ipo, wanataka kibali cha kazi, na pasi yangu ina visa ya masomo tu. Saluni ya karibu na soko: mwenye saluni alinipa kichwa cha binti yake nijaribu kusuka. Akakitazama, akacheka, akakifumua chote. Sina kinyongo naye. Kusuka sijui.

Baba amepiga simu kutoka Ushirombo. Mguu bado una vyuma, lori amepewa dereva mwingine. Miaka yote alipita hapa Likasi, Kongo, na shehena ya shaba kwenda Dar, na wazo la mimi kusoma huku ni lake: mhandisi wa shaba asomee shaba inakochimbwa. Sasa hana cha kutuma. Aliniuliza kama mvua imeacha kunyesha. Nikamwambia bado.

Sehemu ya mwisho ya ada ilipwe kabla Mei haijaisha. Nisipolipa, siingii mitihani ya Juni, na mwaka mzima umekwenda na maji.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimepata kazi. Rachel, ninayeishi naye chumba kimoja hapa Panda, alinipeleka kwa Mama Odette, mwenye mgahawa kando ya barabara kuu. Anauza bukari, ndio ugali wa huku, na sombe, ndio kisamvu, na samaki. Madereva wa Kitanzania wanaokwenda Kolwezi husimama pale wakala na kulalamika: hakuna chai ya maana, hakuna wali maharage. Mama Odette alitaka mtu anayewajua.

Mwanamke mkubwa, sauti kubwa, hana mzaha na chumvi. Aliniuliza mambo mawili tu, kama najua kuosha sahani na kama naogopa wanaume wanaopiga kelele. Kisha akasema: "Apa kazi iko mingi, feza iko kidogo. Utaweza?"

Nitaweza. Kila siku baada ya masomo, Jumamosi kutwa. Hesabu kwa siku, malipo mwisho wa mwezi. Kibali hakuulizia. Nami sikumkumbusha.

Jumatano, 16 Aprili

Chai yangu inanywewa. Dereva mmoja wa Mbeya kanywa vikombe vitatu halafu akadai tangawizi imezidi. Watanzania ndio sisi.

Jioni Mama Odette aliniuliza: "Weye ni muntu ya wapi, wapi kabisa?" Nikamwambia Ushirombo, Msumbwa. Akaweka mwiko chini. Kumbe wao ni Bayeke. Wazee wao walitoka kwetu, zamani za misafara, wakaja kufanya biashara ya shaba na pembe, wakabaki. Shuleni nililisoma hilo nikajibia mtihani nikalisahau. Hapa ni habari ya familia.

Akanishika mkono hadi uani kwa mama yake. Bibi huku wanamwita Kambo. Ni mdogo kama mtoto wa darasa la tatu, kajifunika blanketi juani. Alinisalimia salamu ya asubuhi, ile ile ya bibi yangu mzaa baba, ingawa jua lilikuwa linatua. Nikaitikia. Akaushika mkono wangu, na kuurudisha hakuurudisha.

"Mulikawia," akasema. "Tuliwaza mulishatusahau."

Mimi nilikuja kutafuta kazi. Sikuwa na moyo wa kumwambia.

Jumapili, 27 Aprili

Nimekwenda nao kanisani, nikala nao. Kanisa lao lina vipaza sauti vinne na chumba ni kidogo. Kichwa bado kinagonga. Mama Odette ananitambulisha kwa kila mtu: huyu Kabula, mutoto yetu wa kule tulikotoka. Watu wananikumbatia. Mmoja alinililia begani, na jina lake silijui.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nilipewa siku ya kwanza, na tangu hapo nimeacha kuwa mgeni. Kambo hali mpaka nimpelekee sahani mimi. Napenda. Naandika hivyo hivyo, napenda.

Jumatano, 30 Aprili

Siku ya malipo. Mado, msichana anayemenya viazi na kutwanga sombe, kaitwa ndani, katoka na bahasha. Kisha nikaitwa mimi. Nikapewa kitenge. Kizuri sana, cha rangi ya kahawia na njano, yadi sita kamili. Mama Odette alinipimia mwenyewe begani, akarudi nyuma kunitazama.

Nikapiga magoti kushukuru, kama nilivyofunzwa. Nikangoja bahasha. Bahasha haikuja.

Rachel kanieleza usiku, huku anacheka. Mado ni mfanyakazi. Mimi ni mtoto wa nyumba. Mtoto hapewi mshahara, anapewa nguo na chakula, na siku ya shida anasaidiwa. Nikamwambia shida ni leo. Akasema basi kamwambie mama yako. Neno "mama yako" alilitamka kwa makusudi.

Ada hailipwi kwa kitenge. Nina hasira, na sijui namkasirikia nani.

Ijumaa, 2 Mei

Leo nilidhani yamekwisha. Watu wawili wa ofisi ya wageni walipita kukagua pasi za madereva. Wapole, wameshika kalamu. Mmoja akasikia Kiswahili changu, akauliza mimi ni nani na nafanya nini na aproni ile. Mikono ilikuwa ndani ya maji ya sabuni. Sikuitoa.

Mama Odette akaja na kifua mbele. "Huyu iko mutoto yangu. Bayeke balitoka wapi? Si kule ku Tanzania? Mutoto akiosha sahani ya mama yake, ile iko kazi?"

Wakatazamana. Yule mkubwa akacheka, akasema hapana Mama, ile haiko kazi. Wakala samaki, wakalipa, wakaenda.

Kwa hiyo nimeokolewa. Na kwa neno lile lile mshahara wangu umezikwa, mbele ya mashahidi.

Jumatatu, 5 Mei

Kambo amefariki alfajiri. Mado ndiye aliyekuja kuniita. Nikaacha kipindi.

Sikutegemea kulia.

Alhamisi, 8 Mei

Kilio kimekwisha. Siku tatu. Wanawake tulilala sebuleni kwenye mikeka, bega kwa bega, wanaume nje kwenye moto. Kwaya zilipokezana. Nimepika vyungu ambavyo sijawahi kuona ukubwa wake, nimechota maji, nimelia, nimepika tena. Mama Odette alinifunga kitambaa cheusi kichwani kwa mkono wake, sawasawa na binti zake.

Siku ya kuzika, wajukuu waliziba mlango. Jeneza halitoki mpaka walipwe. Ndiyo desturi: wajukuu ni watani wa bibi yao, lazima wamsumbue mara ya mwisho. Walipiga kelele kwamba Kambo ni mchumba wao, kwamba alikuwa mchoyo wa karanga, kwamba bila pesa haendi popote. Nilikuwa nimesimama pembeni na ndoo. Mama Odette, macho yamevimba, akaninyang'anya ndoo na kunisukuma kwenye mstari. Nikaziba mlango na wenzangu. Nikasema Kambo alinisalimia asubuhi wakati wa jioni, kwa hiyo namdai usingizi wa usiku mmoja. Watu wakacheka huku wanalia. Wajomba wakatoa noti chakavu, tukanunua biskuti, tukagawana. Hayo ndiyo malipo yangu ya kwanza katika nyumba ile.

Nilikula biskuti zangu juu ya gari, njiani kwenda makaburini.

Alhamisi, 22 Mei

Chuo kimekumbusha: wiki ijayo ndiyo mwisho. Nilipata mtoto wa kufundisha hesabu, huko njia ya Kambove. Baba yake ni mchimbaji, machimbo yamejaa maji, akanilipa maparachichi. Matamu. Mimi na Rachel tumekula maparachichi siku tatu.

Nimemwomba dereva wa Mbeya anikopeshe. Akanipa ushauri.

Sina pengine pa kwenda. Nimejiambia nimweleze Mama Odette shida yangu kama mtoto anavyomweleza mama. Undugu ni kufaana, si kufanana. Lakini ndio kwanza amezika, nyumba imekauka pesa, jeneza lenyewe lilinunuliwa kwa mkopo wa kanisa. Mtoto mwema hamwombi mama yake wakati huu. Mfanyakazi anaweza kudai. Mfanyakazi halazimiki kuwa mwema.

Jumamosi, 24 Mei

Nimedai.

Nilingoja wateja waishe. Nikasema nimefanya kazi tangu Aprili, tulikubaliana hesabu kwa siku, naomba malipo yangu kama Mado. Nilikuwa nimeyapanga maneno kwa heshima. Yalitoka kama mawe.

Mama Odette alikuwa anafuta meza. Akaendelea kufuta. Kisha: "Mutoto analipwaka?"

Nikasema mimi siwezi kuingia mtihani kwa utoto.

Hakupiga kelele. Heri angepiga. Akaingia ndani, akakaa sana, akatoka na pesa zikiwa zimefungwa kwenye leso. Nilimsikia humo ndani akiongea kwa simu na mtu, sauti ya chini, sauti ya kuomba. Akahesabu siku zangu moja moja, kwa vidole, bila kukosea. Jumamosi zote. Siku niliyofika nikiwa na homa nikalala. Jumapili nilizokula kwao nikasaidia kuondoa vyombo. Mado aliacha kutwanga.

Mwishoni akaongeza noti nyingine, akaziweka kando, peke yazo.

"Na kilio, siku tatu. Ile pia ilikuwa kazi."

Nikasema hapana, Mama, hizo hapana. Akazisukuma. Akasema kama niko mfanyakazi, basi kesho nisije, kwa sababu yeye karatasi ya kumwajiri mgeni hana. Akaniita mademoiselle, kama mtu asiyenijua. Nikachukua zote. Naandika tena nisije nikajidanganya baadaye: zote.

Jumatatu, 26 Mei

Nimelipa ada. Karani kapiga mhuri bila kuniangalia. Pesa zilitosha bila zile za kilio. Afadhali. Zingepungua ningezitumia, najijua.

Ziko ndani ya kitenge, chini ya kitanda.

Baba nimemwambia nimepata kazi, nimelipwa, imekwisha. Kafurahi. Kasema alijua watu wa Likasi ni waungwana.

Jumatano, 4 Juni

Baridi imeanza kweli. Nimepita kwa Mama Odette mchana, nikaketi meza ya mlangoni kama mteja. Nilitaka anitukane, au anipe sahani bure. Chochote kati ya hivyo.

Akaniletea bukari na samaki. Nikala. Nikaweka pesa mezani. Akazichukua, akanirudishia chenji kamili, akasema merci. Chai wameacha kupika. Kwenye meza ya pili dereva alikuwa analalamika.

Nimekwenda nyumbani kwa miguu. Sijasoma chochote.

Jumanne, 10 Juni

Mtihani wa kwanza, uchenjuaji. Si mbaya. Swali la nne nilibahatisha.

Mado nimekutana naye sokoni. Jumamosi wanamaliza kilio, siku arobaini. Hakusema niende. Hakusema nisiende. Alisema sufuria zitakuwa nyingi.

Jumamosi, 14 Juni

Nilivaa kile kitenge. Rachel alinishonea kwa mkono sehemu zilizobaki, fundi hakumaliza.

Ua ulijaa. Kaka mkubwa wa Mama Odette alikuwa mlangoni na mabeseni mawili ya michango, kila moja limefunikwa kitambaa. Moja la familia, jingine la majirani na watu wa kanisa. Mtu anafika, anatumbukiza, anaingia. Mimi nilikuwa na pesa zangu za siku tatu mkononi, zilivyo, noti zile zile. Kaka mkubwa alikuwa ananijua. Alingoja. Nikasimama. Nyuma yangu watu wakaanza kujipanga, mtu akakohoa.

Beseni la familia sikuwa na haki nalo. La majirani lilinishinda mkono. Huo ndio ukweli, nilisimama pale kama mti na machozi yananitoka, nami sipendi kulia mbele ya watu.

Sauti ya Mama Odette ikatoka kule jikoni, kubwa kama zamani. Wala hakutokeza kichwa.

"Kabula! Juu ya nini unasimama pale sawa mugeni? Sahani iko inakungoya!"

Kaka mkubwa akafunua beseni la familia. Nikatumbukiza.

Mado alikuwa amejaza maji makarai mawili. Mama Odette alipita na chungu, akaniambia nikunje mikono ya nguo, nisiloweshe kitenge. Maji yalikuwa baridi mpaka vidole vikafa ganzi. Nimeosha hadi jioni.

Sikulipwa. Jumatatu nina mtihani wa pili.