Nusu Bido, Mara Tatu

Jumatatu, tarehe 9 mwezi wa kumi

Majina sitini na mawili kabla ya saa moja. Ndiyo kazi yangu hapa shantiye, kwenye ujenzi: jina, saa, mifuko ya simenti, kila kinachopita mlangoni. Kule Ngungu, Masisi, nilikuwa mwalimu wa darasa la sita. Vita vilinitoa miaka kumi na moja iliyopita. Daftari limebadilika, mwandiko ni uleule.

Nyumba itakuwa ya ghorofa, etaje nne, katikati ya Goma, mahali ambapo huna pa kuweka hata kiti. Kushoto ni nyumba ya mbao ya Mama Furaha. Ukinyoosha mkono unagusa bati lake. Kulia duka. Mbele barabara. Hakuna pa kurundika mchanga. Basi mwanamke anayetuongoza, Injenieri Kavira, ameugawa mji kwa saa. Mchanga huja saa moja, kwa chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma. Kokoto saa tatu. Vyuma saa nane, polisi wa barabarani wakiwa wanakula. Kila kinachoingia kinatumika kabla kinachofuata hakijafika. Nimesoma vitabu vingi juu ya majenerali. Sijaona aliyepanga hivi.

Jumanne, tarehe 10

Mbao za Walikale za kumwagia sakafu zimepigiliwa zote. Chini yake zimeshikiliwa na miti ya mikaratusi kutoka Masisi, mia mbili na kumi na minne. Nimeihesabu mara mbili. Mingine bado inatoa maji kwenye gome.

Dereva aliyeleta miti ya mwisho anasema Mubambiro kumejaa askari, na juu ya Sake wanasikia bunduki. Barabara ya Masisi itafungwa. Injenieri alimsikiliza hadi mwisho, akatazama mbingu, akasema tunamwaga Alhamisi. Sakafu ya betoni, yaani zege, humwagwa siku moja, bila kusimama. Ukikatisha, ya jana haishikani na ya leo.

Mchana alikwenda kwa Mama Furaha kumwambia kutakuwa na kelele. Alivua buti mlangoni. Aliomba ruhusa ya kufunika bati lake kwa maturubai kama mtu aliyekuja kuposa.

Alhamisi, tarehe 12

Nachoka, lakini niandike.

Wamekuja ishirini na wanane tu kati ya sitini na wawili. Wengine wamekwenda Sake kutafuta watu wao kwenye njia. Masisi inateremka yote, inakimbia vita. Mashine ya kuchanganya ilikuwa imeshaanza kuzunguka. Betoni ya kwanza imeshapanda. Hakuna kurudi nyuma. Injenieri alinijia.

“Papa Mwalimu, nipatie bantu.”

Nikamwambia kwenye parokia wako wa Ngungu, wamefika jana.

“Banajua kazi?”

“Banajua salongo.”

Alicheka; salongo ni kazi ya pamoja ya kijiji. Akasema niende, na wapikiwe maharage kwanza. Hakuna atakayebeba karai na njaa ya njiani.

Nimerudi na watu arobaini. Wa mbele alikuwa Batumike. Nilimfundisha kugawanya, leo ana mvi kunishinda. Injenieri aliwapanga kwenye ngazi, mkono kwa mkono, wafupi kwa wafupi ili karai isipande na kushuka. Dakika kumi tu. Mnyororo ukaanza kutembea. Mtu akaanzisha wimbo wa kulima, wanawake wa parokia wakaitikia kutoka barabarani. Nilitoa miwani nikaifuta bila sababu.

Mimi niliwekwa kwenye mashine. Kila mchanganyo ni mfuko mmoja wa simenti na maji bido moja na robo, bido ni dumu la lita ishirini. Naandika namba, saa na mahali inapomwagwa. Batumike ndiye aliyekuwa akitia maji. Kule kwetu hakuna aliyemshinda kukandika nyumba ya udongo. Alichovya kidole kwenye betoni, akakunja uso.

“Mwalimu, hii udongo yenu iko kavu kama bugali ya jana. Itashika namna gani?”

Akaongeza nusu bido. Kwa udongo ni sawa kabisa. Kwa betoni ni sumu, simenti inalegea. Ninajua. Injenieri alinieleza mwezi wa kwanza wa kazi. Kalamu ilikuwa mkononi. Lakini watu wa kilima changu walikuwa wanacheka, na kicheko hicho sikuwa nimekisikia miaka kumi na moja. Sikusema. Mara ya pili sikusema. Mara ya tatu pia. Kisha Injenieri akashuka, na Batumike mbele yake akatia maji kwa kipimo.

Tumemaliza saa kumi na moja jioni. Sikuandika yale maji.

Ijumaa, tarehe 13

Sakafu ni nzuri. Tambarare kama meza ya altari. Wanaimwagilia na kuifunika kwa magunia. Wote wananipongeza kwa watu wangu. Sikula vizuri.

Jumapili, tarehe 15

Misa. Sikusikia mahubiri.

Nimetazama mchoro uliobandikwa kwenye stoo. Mchanganyo wa arobaini na moja, na miwili iliyofuata, yote yenye yale maji, ilimwagwa kwenye kona ya kushoto. Juu ya kona hiyo litasimama tangi la maji, lita elfu tano. Ubavuni mwa kona hiyo, chini, ni chumba anacholala Mama Furaha.

Mimi ni mwoga. Niliwachapa watoto kwa uongo mdogo kuliko huu.

Jumatatu, tarehe 16

Nimemwambia Injenieri. Nilisubiri anifukuze. Aliuliza kitu kimoja tu: namba ngapi? Nikafungua daftari. Alipanda, akatembea hadi kwenye kona, akachora duara kwa mkaa. Akaagiza miti kumi zaidi ichomekwe chini yake.

Kisha akamwita Batumike. Hakumpigia kelele. Alikanda madonge mawili ya betoni mbele yake, moja kwa kipimo, moja lenye maji mengi, akayaweka juu ya ukuta. “Papa, utaziangalia kila asubuhi. Na kuanzia leo kwa maji hapa, ni weye peke yako.”

Batumike alinitazama. Nikatazama viatu.

Ijumaa, tarehe 20

Donge la pili linavunjika kwa kidole. La kwanza Batumike amelipiga kwa jiwe, jiwe likachubuka. Sasa anapima maji kama padri anavyopima divai. Mtu akimwomba aongeze, anamfukuza.

Alhamisi, tarehe 26

Siku ya kumi na nne. Amekuja Papa Kambale, mwenye nyumba, mfanyabiashara wa Butembo. Bidhaa zake zinakaribia. Anataka miti itolewe leo.

“Dada, kule Butembo tunatosha miti kwa juma mbili.”

“Njo maana kule munajengaka mara mbili.”

Hata yeye alicheka. Kisha Injenieri akamwambia kona moja ina maji ya ziada, miti haitoki kabla ya siku ishirini na nane, na tangi litahamia upande wa duka hata kona ikishika. Kambale aliuliza ni nani aliyeharibu. Injenieri akasema: shantiye ni yangu. Kambale alinung’unika juu ya mabomba mapya, akatoa rozari mfukoni, akaondoka akiihesabu.

Nilikuwa nyuma ya mlango. Mwanamke huyu ni mdogo kuliko binti yangu wa kwanza.

Alhamisi, tarehe 9 mwezi wa kumi na moja

Mama Furaha ameombwa akae kwa dada yake hadi jioni. Miti imetolewa kutoka katikati, mmoja mmoja. Ya kona mwisho. Juu ya duara la mkaa wakarundika mawe, mazito kuliko tangi lenyewe. Chini ya sakafu Injenieri alivuta uzi ukutani hadi ukutani, na kati ya uzi na sakafu iliyo juu akaweka kijiti cha kiberiti, kionyeshe ikishuka.

Alibaki chini yake. Aliniambia nitoke. Nikasema siwezi kuandika nisichokiona.

Jiwe la mwisho lilipowekwa, kijiti kilipinda. Hakikukatika. Tulisimama saa nzima. Mawe yalipoondolewa sakafu ilirudi juu, kijiti kikanyooka, kikaanguka. Akakiokota, akakitia mfukoni.

Ijumaa, tarehe 10

Barabara ya Masisi bado imefungwa. Miti haina pa kurudi. Injenieri ameitoa yote kwa watu wa parokia, wajenge vibanda kabla mvua hazijazidi. Batumike anapanga chukudu. Kila mti una kofia ya simenti kichwani.

Asubuhi Injenieri aliniletea daftari la shantiye, limefunguliwa kwenye tarehe 12. “Papa Mwalimu, yule atajenga juu yetu kesho iko na haki ya kujua.” Nikaandika pembeni: saa tano na dakika kumi, nusu bido ya ziada, mara tatu, mimi nikiwepo. Nikatia sahihi.

Niliomba mti mmoja. Nimeusimamisha mlangoni mwangu, mahali pa nguzo iliyoliwa na mchwa. Unatoka Masisi kama mimi. Gome lake limekauka.