Anwani Inafungwa Ijumaa

Jumatatu, 3 Juni

Mtandao umekufa tangu asubuhi. Visanduku vya intaneti vya mtaa mzima vinawaka taa nyekundu, na kila anayetoka kwake anakuja moja kwa moja dukani kwangu, utadhani mtandao wenyewe nimeukalia mimi. Ndiyo uwakala huo! Miaka sita nawaingiza watu kwenye kampuni hii ya mtandao, leo wote wananijua mimi tu.

Nimepiga simu makao makuu. Sauti ya mashine: simu yako ni muhimu sana kwetu. Mara kumi na nne nimeambiwa hivyo.

Kinyozi wa jirani anasema kasikia redioni kampuni imefilisika. Nimemwambia anyoe watu, aache umbea.

Jumanne, 4 Juni

Si umbea.

Nimefika ofisini kwao. Geti limefungwa kwa mnyororo, karatasi imebandikwa: mahakama imeteua mfilisi, huduma zimekoma. Chini kabisa, maandishi madogo kama sisimizi — anwani zote za barua pepe zilizotolewa na kampuni zitafungwa Ijumaa, saa sita mchana.

Nikasoma, nikageuka niondoke. Hatua tatu tu, nikarudi kuisoma tena.

Anwani yangu ni ya kwao! Wateja wangu wengi hawana barua pepe. Mtu anakuja nimjazie fomu, tukifika hapo ananitumbulia macho. Nami kwa kiherehere changu: weka yangu tu, majibu yakija nitakuita. Miaka sita nasema hivyo. Daftari la wateja hao lina majina ishirini na saba. Wengi mambo yao yalishakwisha. Mmoja bado — binti wa dada yangu. Chuo cha uuguzi. Kaomba mara tatu, na mwakani umri utakuwa umempita. Majibu yanatoka wiki hii, na yanakuja kwangu.

Jumatano, 5 Juni

Nimenunua bando la kampuni nyingine nijaribu kufungua barua kwa simu. Inazunguka, inazunguka, inagoma.

Nikapiga chuoni. Karani ana sauti ya mtu anayetafuna. Majibu hayatolewi kwa simu, anasema, ingia kwenye mfumo ubadilishe anwani mwenyewe. Kumbe rahisi hivyo! Nikamshukuru mpaka akanikatia. Nikaingia, nikaandika anwani mpya, nikabonyeza. Mfumo ukajibu: tumetuma namba ya uthibitisho kwenye anwani yako ya zamani.

Nilicheka peke yangu dukani. Halafu nikalia kidogo. Akaingia mteja, nikasingizia vumbi.

Nimwambie dada? Nianzie wapi?

Alhamisi, 6 Juni

Dada kaja na mfuko. Katoa gauni jeupe, mifuko miwili, vifungo vya bluu. Keshashona sare! Anasema kaacha nafasi kiunoni, maana chakula cha bweni kinanenepesha. Kaliweka juu ya meza yangu, juu ya daftari lenyewe, analilainisha kwa kiganja.

Mdogo wangu, bado tu? Nikasema bado, mtandao unasumbua. Unasumbua! Kampuni iko kaburini, mimi nasema inasumbua. Akasema hana wasiwasi, maadamu mimi nipo. Afadhali angenizaba kofi.

Jioni nimempata Ngazi, fundi wa kampuni. Tulimpa jina hilo kwa urefu wake — mapaa yote ya mtaa huu tumepanda pamoja, yeye juu, mimi chini nashikilia waya. Anasema barua zimo ndani ya mitambo, ila mitambo inaendeshwa na jenereta, na kesho anamkabidhi mfilisi funguo. Nije ofisini kwao saa nne. Hakuahidi kitu.

Ijumaa, 7 Juni

Saa tano na robo. Naandika kwenye benchi, koridoni kwao. Mikono inataka kazi.

Tupo kama kumi. Kuna mwenye jengo lililobeba mnara wao, anauliza nani atakuja kuung'oa. Kuna mwalimu mkuu, alama za wanafunzi wake zote zimo humo ndani. Karani wa mfilisi, mama mmoja wa miwani, keshatuambia mara mbili: haingii mtu, hakitoki kitu. Hata barua? Hata barua.

Saa tano na nusu. Nimempigia dada. Nimemweleza yote, bila kupumua. Cherehani ilikuwa inalia nyuma yake, ikanyamaza. Nikangoja matusi. Akauliza tu niko wapi.

Saa sita kasoro kumi. Dada kafika na ndala za nyumbani, uzi mweupe begani. Binti kabaki nyumbani, amefungua ukurasa wa chuo kwenye simu, anangoja.  Dada kakaa karibu yangu, bega kwa bega.

Ngazi katokeza kichwa mlangoni. Kaiona barua! Iliingia Jumatatu alfajiri, kabla mtandao haujakatika. KACHAGULIWA! Dada kanibana mkono mpaka pete inaniuma. Lakini lazima binti athibitishe nafasi leo, kwa namba iliyomo kwenye barua, herufi na tarakimu nane. Asipothibitisha, anapewa mwingine. Ngazi hawezi kuipiga picha, waliomo ndani wamenyang'anywa simu. Atarudi anisomee namba kwa sauti, mlango ukiwa wazi kidogo. Nami sina karatasi ila hii.

Kasoro dakika tatu. Anasoma.

K

7

7

M

2

Jenereta limezima. Mama wa miwani kasimama mbele ya mlango, anasema muda umekwisha, jamani tokeni. Ngazi simsikii tena; zimebaki tatu.

Dada anachungulia daftari hili. Ananiuliza, mbona umeacha kuandika?