Makoleo Siku ya Mechi

Kaka Fachtna mpendwa,

Bikira Maria akulinde huko Boston. Sisi tu wazima, na nyasi za ng'ombe tumewahi kuzikata kabla ya mvua.

Najua unangoja habari za klabu yetu ya mpira. Kaunti imepunguza timu za daraja la kwanza, na ratiba mpya haisogezwi hata kwa msiba. Tulihitaji ushindi mmoja tubaki, dhidi ya majirani zetu wa Drumsallagh. Wiki ile ile ya mechi kipa wao akafiwa na mama yake, Mama Attracta, maziko yakaangukia saa ya mechi. Wao wasingekuja; sisi tungefika tu uwanjani, tukapewa ushindi wa bure.

Mpwa wako Donncha, nahodha, akasimama kikaoni: "Mama Attracta alitulisha mikate sote tukiwa watoto. Mimi naenda kumzika. Anayetaka pointi aende peke yake."

Hakwenda uwanjani hata mmoja. Mwamuzi alipopuliza filimbi kwenye uwanja mtupu, vijana wetu walikuwa makaburini, jezi mwilini, makoleo mikononi. Kipa yule alilia, kisha akamtania Donncha: "Wewe unatupa udongo kama unavyopiga mpira, pembeni tu!"

Tumeshuka, kaka. Timu ile ile uliyoipandisha wewe hadi ukavunjika goti. Nilitaka kukuficha, nikashindwa, maana Jumapili nilitoka kanisani kichwa juu.

Usikasirike. Mwakani tutacheza daraja la pili, na Drumsallagh, waliotuzomea tangu enzi za babu, wamesema watakuja kutushangilia.

Dada yako anayekuombea,
Dymphna