Wegesa Karuka Bila Mimi

Musoma, Jumanne

Bado sielewi. Mwaka mzima nimemfundisha Wegesa urubani. Leo asubuhi nikashuka kwenye ndege, nikamwambia, "Haya, zunguka mara moja, kisha utue." Ilikuwa mara yake ya kwanza kuruka bila mimi.

Nikabaki kando ya uwanja. Akakata kona juu ya ziwa, upande wa Makoko. Nami huku chini namwelekeza kana kwamba ananisikia: punguza kasi, inua pua...

Alitua vizuri kuliko mimi mwenyewe. Nikakimbia kumpongeza. Akazima injini, akavua hedifoni, akanikabidhi.

"Asante, mwalimu. Sitarudi tena."

"Umeogopa?"

"Hapana. Nilikuwaga najiuliza kama nitaweza. Sasa nimejua. Kesho narudi Butiama, kwa mama na ng'ombe wetu."

Na alikuwa anacheka, jamani. Hakuwa na huzuni yoyote.

Nimekosea wapi? Au sikukosea?

Mke wangu kaniuliza mbona sili. Nikamwambia mwanafunzi wangu leo karuka peke yake.

"Hongera basi!"

Nikaitikia asante. Yaliyobaki nimeshindwa kumweleza.