Gramu Mia Tatu na Arobaini

Jumatatu, 10 Februari 2025

Asubuhi kabla ya kula: 14.8. Haya. Nimeiandika kama ilivyo.

Renatha, nesi wa macho, kanisema leo mbele ya foleni nzima. Daktari wa upasuaji anakuja tarehe 27. Sukari ikizidi kumi siku hiyo, hanigusi. Nisubiri Agosti. Kisha akainama kuninusa! Mzee Bashiri, usinifiche, unakunywa rubisi? Mimi! Miaka hamsini na tisa sijaonja pombe, ya ndizi wala ya nini. Watu wakacheka. Nikamwambia, nesi, tutaonana tarehe 27.

Mtoto wa jicho yuko jicho la kulia, ndilo la lenzi ya kazi. Juzi nimechomea pete ya mtu pembeni ya ufa. Ufa upo pale pale, umepata jirani tu. Sonara wa hivyo ni wa kazi gani?

Dada Siti amefika kutoka Muleba kunitunza, na jibu analo tayari: funga duka, rudi nyumbani, kibanja cha baba na migomba yake kipo, utakaa barazani upate upepo. Nilifagia duka la watu miaka minne ndipo nikaruhusiwa kushika koleo. Barazani sikai.

Jumatano, 12 Februari

13.1.

Chakula si tatizo. Ndizi za kupika nimepunguza, maharage na dagaa nakula. Kinachonishinda ni utamu baada ya magharibi. Tangu marehemu mke wangu aondoke, saa hiyo mdomo unadai kitu. Nilikuwa namaliza ndizi mbivu tatu na chai ya vijiko vinne.

Basi nimetengeneza barafu yangu mwenyewe. Mtindi nimeufunga kwenye kitambaa cheupe, nikauning'iniza bombani tangu jana, maji yote yakatoka, umebaki mzito kama jibini. Nimepima kwa mizani yangu ya dukani. Mtindi 450. Parachichi 300. Pasheni 80. Karanga za kusaga 60. Ndimu 10. Jumla gramu 900 kamili. Blenda, kopo, friza. Kila nusu saa koroga kwa uma, isigande kama jiwe.

Hesabu: kopo moja mabakuli manne. Bakuli moja wanga gramu kumi, protini kumi na sita. Ndizi mbivu moja tu ina wanga ishirini na saba!

Dada kaonja, kafumba macho yote mawili. Mawe, mama yangu! Mhaya anatengeneza kitu cha matunda, ndizi hamna? Hiki ni chakula au adhabu?

Nikamaliza bakuli langu mbele yake. Chachu, kweli. Lakini nimemaliza.

Jumamosi, 15 Februari

10.9!

Najibu wa duka la viatu, jirani yangu, nilimpelekea kidogo mchana. Akatemea kwenye leso. Sonara, akasema, pete zako nazo zina ladha hii? Acheke. Kutoka 14.8 mpaka 10.9 kwa siku tano. Viatu vyake vimewahi kumshusha nani?

Dada kajitolea kukoroga kopo nikiwa dukani, nisiwe napanda nyumbani Kibeta kila saa. Nimempa uma na saa ya mkononi. Moyo mwema, basi tu mdomo.

Jumanne, 18 Februari

12.6. Kwa nini?

Sijala kitu kipya. Pengine sikulala vizuri.

Kopo la leo limetoka safi kuliko yote. Laini, na uchachu umetulia. Nadhani ni pasheni, nilichagua zilizonywea ganda, hizo ndizo tamu. Mkono unazoea. Najibu kala bakuli zima, akaomba la pili. Sasa hii ndiyo! Ungeanza na hii, Bashiri, tusingegombana.

Ijumaa, 21 Februari

14.2.

Nimepima mara mbili. 14.2, 14.3.

Siku tisa kazi bure. Dada akaniona nimeshika kipimo, akaniweka mkono begani. Si kila kitu ni cha kupigana nacho, mdogo wangu. Gari la Muleba lipo kila siku.

Nimeenda swala ya Ijumaa, nikarudi dukani, nikapima vipande vya dhahabu ambavyo havikuhitaji kupimwa.

Jumamosi, 22 Februari

Leo nimepima kopo.

Sijui kwa nini sikufanya hivyo mapema. Asubuhi nimeliacha na gramu 900 ndani. Saa kumi nimelitoa friza, nikatoa uzito wa kopo lenyewe: 1,240.

Kugandisha hakuongezi uzito. Dhahabu ikiingia motoni gramu kumi ikatoka kumi na tatu, mimi siulizi moto. Nauliza nani katia shaba.

Gramu mia tatu na arobaini!

Nikaita. Dada! Umetia nini humu? Hakuficha hata kidogo. Akaenda jikoni akarudi na dumu la njano alilokuja nalo. Omuramba. Juisi ya ndizi mbivu, kakamua mwenyewe kwa nyasi kwenye kibanja cha baba, akaichemsha isichachuke.

Nikasema, Dada, hiyo ni sukari. Akanishangaa kwa dhati. Sukari ni ya dukani, Bashiri. Hii ni ndizi! Umelelewa nayo, ulinyonya ukaacha ukapewa hii. Na wageni wako wakilamba ule uchachu, mimi dada yako nipo humu ndani, uso nauweka wapi?

Na kwenye uji wa asubuhi unaonipikia je?

Akaanza kukaza kifuniko cha dumu.

Dada?

Kidogo tu, akasema.

Nimepaza sauti. Nimesema unataka nipofuke ili nikae barazani kwako. Akaingia chumbani, akafunga mlango taratibu. Afadhali angeubamiza.

Jumatatu, 24 Februari

12.0. Uji nachemsha mwenyewe, barafu nakoroga mwenyewe. Chachu yangu imerudi. Karibu!

Dada bado amenuna, ila kiu haimwishi. Jagi la maji tangu asubuhi, na dumu ameliweka chumbani kwake. Nikamuuliza unaumwa? Miguu inawaka moto kidogo, ni umri. Tangu lini? Tangu mwaka juzi.

Nikamwambia lete kidole. Akacheka, mara ya kwanza tangu Jumamosi. Akatoa kidole kama mtu anayevishwa pete.

17.3.

Mashine yako mbovu, akasema. Ina chuki na watu wa Muleba.

Jumatano, 26 Februari

Jana 10.8. Kipimo kilibaki na kijiti kimoja cha kupimia. Nilikuwa nimekitunza kwa ajili ya leo, nijue nasimama wapi kabla ya kwenda kwa Renatha.

Baada ya swala ya alfajiri Dada kasimama mlangoni na kanga mabegani. Hajanywa chai, hajala. Nipime tena, akasema. Ile juzi ilikosea.

Nikaangalia kile kijiti. Nikampima.

16.9.

Hakusema mashine mbovu. Akauliza, Bashiri, mama alikatwa mguu kwa nini vile? Nikamwambia unajua. Akasema tulisema ni kurogwa. Nikasema tulisema.

Mchana kanikuta napima parachichi. Akavuta kigoda, akakaa. Nionyeshe, akasema. Pole pole, mimi si sonara.

Alhamisi, 27 Februari

Benchi la hospitali, saa mbili na nusu. Naandika kwa jicho la kushoto.

Kuna makopo mawili kwenye friza. Moja nimeandika B. La pili kaandika mwenyewe, SITI, herufi kubwa, kama lipo mtu mwingine wa kuliiba.

Renatha katutoboa vidole, mimi kwanza, kisha Dada. Dada kamwambia, nesi, huyu hanywi rubisi, mimi ndiye niliyemharibia, umwombe radhi. Renatha kaona aibu. Vizuri.

Jibu langu silijui. Ikitoka 9.9 naingia ndani. Ikitoka 10.1 nitarudi Agosti, na Novemba nikilazimika. Muleba siendi. Na Dada naye harudi huko mpaka ajue kupima. Nimemwambia. Kaniuliza, na ndizi za kibanja atakula nani? Nikasema tumbili.

Pasheni kopo langu ulitia ngapi? ananiuliza sasa hivi. Themanini, nimemjibu. Tia sabini, anasema.

Renatha ametoka na karatasi mbili mkononi. Nimesimama.

Ananipita, anamtazama Dada. Mama, anasema, tuanze na wewe.