Gundi ya Chupa za Achari

Mama mkwe wangu,

Shikamoo. Najua hapo ulipo huwezi kuniitikia, lakini sijawahi kuanza mazungumzo nawe bila salamu hiyo, na leo nina jambo zito la kukueleza.

Asubuhi hii nimeloweka chupa kumi na mbili kwenye beseni lako. Ni za jemu na za kahawa, kutoka kwenye ile nyumba ya wageni hapa Masoko. Wapishi wake bado wanatuwekea. Lebo zimeanza kuvimba na kuachia pembeni. Wakati nazisubiri, nimekaa kibarazani nakukumbuka.

Mwanzoni hukunipenda, Mama. Tuliseme tu, hakuna wa kutusikia. Mwanao alinileta kutoka Rondo, binti wa wakulima wa korosho, Kiswahili changu kimejaa Kimwera, nawe ulikuwa umeshamchagulia mtu wa hapahapa Kilwa. Hukunitukana hata siku moja. Ulinyamaza, na ulipotaka kunituma ulisema na ukuta: chumvi imekwisha, maji hayajatekwa. Mimi nilikuwa nikilia bafuni, nikanawa uso, nikatoka kama hakuna kitu.

Kazi yako ilikuwa achari, ya ndimu na ya maembe, na watu waliifuata hata kutoka Kivinje. Ulikuwa na sharti moja: hakuna chupa itakayotoka kwako ikiwa na karatasi ya mtu mwingine. Ulisema hiyo ni sawa na kumpa mtoto wako jina la baba asiye wake. Karatasi yenyewe ilikubali kutoka kwa maji ya moto na sabuni. Kilichokutesa ni gundi, ule ulimbo unaobaki umeng'ang'ania kioo, ukiugusa unanata, vumbi likipita linakaa. Ulikwangua kwa kisu, chupa zikachubuka. Ukakwangua kwa kucha, kucha zikapasuka. Mwisho ukajaribu mafuta ya taa. Gundi ilitoka, lakini mteja mmoja akairudisha achari, akasema inanuka kibatari. Siku ile ulikaa na ile chupa mapajani, na kwa mara ya kwanza nilikuonea huruma.

Kwetu, tukibangua korosho, tunapaka mafuta mikononi kwanza, maana utomvu wa ganda lake unaunguza ngozi na maji hauyajali. Sikuwa na elimu nyingine zaidi ya hiyo. Nikachukua mafuta ya nazi, nikayachanganya na majivu laini ya jikoni, nikaipaka ile gundi kwa unene na kuianika chupa juani. Adhuhuri nikaisugua kwa kumbi la nazi. Gundi ikajiviringa vipande vipande na kudondoka. Nikaiosha kwa sabuni, nikaisuuza kwa maji ya ndimu, nikakuletea.

Uliipitishia kidole gumba, ukaizungusha, ukaipitishia tena. Kisha ukanitazama machoni.

"Nani kakufundisha?"

Nikakujibu kwamba ni bibi yangu, na kwamba yeye alinifundisha kwa ajili ya korosho, chupa nimezibahatisha mwenyewe.

"Basi kesho tutafanya wote," ukasema.

Tukafanya wote kwa miaka tisa. Wewe ulipaka, mimi nilisugua, na kazi ile ilitufungua vinywa. Ulinisimulia Songo Mnara ya utotoni mwako, na yule mtoto wako wa kwanza aliyeishi siku nne tu, ambaye jina lake hukuwa umelitamka mbele ya mtu tangu azikwe. Ulilitamka ukiwa umeinamia chupa. Mimi sikuinua uso, kwa sababu niliona ndivyo utakavyo.

Barua ya talaka ilitukuta kibarazani vilevile. Mwanao alikuwa Dar es Salaam mwaka wa pili, na tulikwishasikia kuwa ameoa huko. Barua aliileta bintiyo Mwanaidi. Ulijifuta mafuta kwa kanga, ukavaa miwani, ukaisoma mpaka mwisho, ukaikunja. Mimi nilikuwa naendelea kusugua chupa ambayo ilikwishatakata zamani. Ukaniambia taratibu, kama mtu anayetaja bei ya ndimu:

"Mwanangu amekuacha. Mimi sijakuacha."

Eda nikakaa kwako. Ilipokwisha nilifunga mzigo wangu wa kwenda Rondo, nawe ukaufungua bila kuniuliza na kupanga nguo zangu kwenye chumba cha uani. Mwanao alipiga simu akalalamika kwamba unamweka mtalaka wake. Ulimjibu kwamba nyumba ni yako na mgeni ni wako, ukamuuliza hali ya mkewe, ukamtakia heri.

Siku uliyotutoka, nilikaa nje na majirani, maana nilisikia baadhi ya ndugu wakiulizana aliyeachwa anaingia ndani kama nani. Mwanaidi akatoka akanishika mkono. Alisema mbele yao kwamba umeacha wasia, mmoja wa waoshaji wako awe mimi. Nikaingia. Niliiosha mikono yako, kidole kimoja kimoja, nikimfuatisha mwoshaji aliyenitangulia. Hilo sikukushukuru, kwa kuwa ulikuwa umeshaondoka. Nakushukuru leo.

Sasa jambo lenyewe. Kuna mwalimu wa Nangurukuru, aliyefiwa na mkewe, mpole, anayetaka kunioa. Nilimzungusha miezi sita. Sikuwa na shaka naye. Niliogopa kuondoka kwako, niliogopa watu waseme nilikaa kwa mama wa watu mpaka nilipopata pengine pazuri. Mwishowe nikamwendea Mwanaidi, nikamweleza yote. Aliuliza mambo mawili tu: kama anaswali, na kama akikasirika anajua kunyamaza. Nikamwambia ndiyo, yote mawili. Akasema basi wazee waje.

Baba yangu kule Rondo nilimpigia simu, akasema waanzie Kilwa, kisha wapande kwake. Jumamosi iliyopita wakaja wazee watatu. Mwanaidi aliwatandikia mkeka sebuleni kwako, mimi nikabaki jikoni na birika la chai, mlango wazi. Mmoja wao, kwa adabu, akasema yeye amesikia kwamba Zuhura alikuwa mke wa kijana wa nyumba hii na wakaachana. Hivyo anaomba kujua, hapa anaposwa kwa nani.

Mwanaidi hakuchelewa. "Huyu ni mtoto wa mama yangu," alisema. "Mkimuoa, mmeoa hapa."

Nililiweka birika chini, Mama, nikakaa papo hapo sakafuni, na chai ya wageni ikachelewa.

Ndoa itakuwa baada ya msimu wa korosho, baba akishamaliza shambani. Nakuomba radhi zako. Najua ungenipa, lakini mtoto haolewi bila kuomba. Mola akupanulie kaburi lako na akutie nuru humo. Kila Ijumaa nitakuja, Nangurukuru si mbali.

Mwanao,
Zuhura